Nilivyoiponda albamu ya bendi ya Newala gazetini, kiongozi wa bendi akanifuata mpaka shuleni

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila jana nimepita kwenye ule uzi wa vijana wanaozipa albamu maksi. Albamu imetoka asubuhi, mchana mtu keshaizika na kuiwekea mawe juu. Nikacheka, nikasema ngoja na mimi nilete yangu.

Haya yamenitokea mwenyewe. Sitajipamba, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kwanza niwaweke sawa, mimi ni mwanamke. Najua humu mnaniita mkuu na bro, sina neno. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Lukuledi.

Miaka ya tisini hapo katikati nilikuwa nimepangiwa kufundisha shule moja ya msingi kule Chiungutwa, Masasi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, sijaolewa, nina chumba kimoja na redio kaseti moja. Ile redio niliipenda kama ndugu.

Kwa mliozaliwa juzi, hicho ndicho kipindi soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kuingia na malori yao. Maduka ya Masasi yakajaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu. Na magazeti ya binafsi yakaota kama uyoga: la michezo, la mapenzi, la udaku, la muziki.

Hilo la muziki lilikuwa linatoka mara moja kwa wiki na kufika Masasi kwa basi, limeshachelewa siku mbili tatu. Lilikuwa na ukurasa wa wasomaji, unatuma uchambuzi wa kaseti mpya, wakiupenda wanauchapa.

Nikautamani ule ukurasa, wakuu. Nikautamani vibaya sana.

Siku moja nimeenda Masasi kuchukua mshahara, pale sokoni muuza kaseti akanionyesha albamu ya bendi ya kwetu kusini, Wanauwanda Jazz ya Newala. Kava lenyewe fotokopi, picha imekolea wino mpaka sura hazionekani, unaona kofia tu. Majina ya waimbaji hakuna. Nikanunua.

Jumapili baada ya kanisa nikaiweka kwenye redio.

Hapa sasa. Betri zangu, au mawe kama tulivyokuwa tunayaita, yalikuwa yamechoka. Nilikuwa nimeyaanika juani siku mbili, kama ilivyokuwa kawaida yetu wote, na nikifungua stesheni za redio zilikuwa zinasikika vizuri tu. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote.

Kaseti ikaanza kuimba. Mwanaume mmoja ana sauti nzito, anajivuta. Magitaa yanajivuta. Ngoma zinachechemea. Nikasikiliza upande A, upande B nikasikiliza nusu. Nusu, wakuu. Nikachukua kalamu.

Nilichoandika nakikumbuka mpaka leo, maana nilikisoma mara nyingi mno. Niliandika kwamba mwimbaji wao wa kiume anaimba kama mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Niliandika kwamba muziki wenyewe unatembea kama una mwiba mguuni. Nikamalizia hivi: "Ningemshauri ndugu huyu aache maiki, arudi shamba akaokote korosho."

Nikasaini D. Mchopa, mwalimu, Chiungutwa, Masasi. Nikaituma.

Baada ya wiki tatu ikatoka.

Aisee, sikuwahi kujiona hivyo. Mwalimu mkuu aliisoma kwa sauti ofisini, walimu wakacheka mpaka wakashika mbavu kwenye lile la mwiba. Gazeti nililifunika kwa plastiki nikalitia sandukuni. Nilitembea Chiungutwa nzima nikijiona mwandishi.

Furaha yangu ilidumu kama siku kumi.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Nikaona mzee mmoja anaingia uwanjani anakokota baiskeli, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Nilimsikia anawauliza wanafunzi, "Bwana Mchopa nampata wapi?"

Wale watoto wakamjibu hakuna Bwana Mchopa, kuna Mwalimu Mchopa, yule pale wa gauni la bluu.

Nikamfuata. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi natafuta D. Mchopa anayeandika gazetini."

"Ndiye mimi, baba. Delfina."

Aliniangalia kuanzia juu mpaka chini. Halafu akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Basi tumekutana," akasema. "Mimi nimekufanya wewe mwanaume, na wewe umemfanya mdogo wangu mwanaume."

Sikumwelewa. Akajitambulisha kwamba yeye ni Baba Fikiri, mpiga gitaa na kiongozi wa Wanauwanda Jazz. Yule "ndugu" niliyemwambia aache maiki ni mdogo wake wa tumbo moja, mwanamke, anaitwa Somoe.

Nitasema ukweli, niliona ananidanganya. Masikio ninayo! Nikamwambia baba twende nyumbani, kaseti ninayo, tusikilize wote. Nikamchukua na Mama Upendo, mwalimu mwenzangu wa nyumba ya jirani, tusikae wawili tu.

Nikaweka kaseti. Wimbo haukufika hata ubeti wa pili, Baba Fikiri akainua mkono.

"Mwalimu, zima. Hiyo redio ina njaa."

Akatoka. Akaenda dukani kwa miguu yake, akarudi na betri mpya ndani ya karatasi. Akazitia mwenyewe, akarudisha mkanda mwanzo, akabonyeza.

Wakuu, naomba mnielewe. Kwenye chumba changu kile alitokea mtu mwingine kabisa. Sauti ya mwanamke, nyepesi, safi, inapanda linapopanda gitaa na kulisubiri linapoteremka. Ngoma zile zilizokuwa zinachechemea zilikuwa zinakimbia. Mama Upendo alianza kutikisa bega bila kujijua.

Na mimi nilikaa kitandani nikajifunika uso na kanga.

Kumbe betri zikichoka redio inaendelea kusema, lakini ile mota ya kuzungushia kaseti inaishiwa nguvu, mkanda unaenda polepole, sauti inashuka. Mwanamke anakuwa mwanaume mwenye usingizi. Hilo sikulijua. Na wala sikujiuliza.

Baba Fikiri hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alisema tu kwamba gazeti lilifika Newala, likasomwa pale stendi, na sasa Somoe akipita watu wanamwita "Bwana Somoe, korosho vipi?" Ameacha kuja mazoezini. Jumamosi ya wiki ile bendi inapiga mchana pale Newala mjini, msimu wa korosho ndio huo umechanganya, watu wametoka vijiji vyote. Na mwimbaji hawana.

"Mimi kaka yake nimeongea mpaka nimechoka," akasema. "Maneno yangu anaona ni ya kumbembeleza. Ya kwako yaliandikwa. Njoo uyafute wewe."

Akapanda baiskeli yake akaondoka. Na Newala kama mnavyojua iko juu, kurudi ni kupandisha mlima unasukuma.

Jioni ile niliusikiliza ule mkanda pande zote mbili, mara tatu tatu, nikaandika uchambuzi mpya. Nikautuma gazetini. Lakini nilijua hata wakiuchapa utafika Jumamosi ile imeshapita zamani.

Kwa hiyo nakala nikabaki nayo, Jumamosi asubuhi nikaomba lifti kwenye lori la korosho mpaka Newala.

Nyumbani kwa kina Somoe niliambiwa yuko shamba. Nikaelekezwa. Nikamkuta chini ya mikorosho, kilemba kichwani, ameinama anaokota korosho anatia kwenye kikapu.

Nilisimama.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye Mchopa."

Shikamoo yangu ilining'inia pale. Aliokota korosho kama tano, sita, ndipo akanyooka.

"Marahaba. Si uliniambia nirudi shamba? Nimerudi."

Nikamweleza habari za betri. Nilidhani atacheka, hakucheka. Nikamwambia nimeandika upya na nimeshatuma. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, ulipoandika mara ya kwanza watu walisoma wakacheka. Sasa hao waliocheka utawafuata nyumba kwa nyumba?"

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Nitawasomea leo. Wote wakiwa wamekaa."

Akarudi kwenye kikapu chake. "Haya. Nenda kasome. Mimi nitasikia nilipo."

Saa tisa mchana uwanja ulikuwa umejaa. Jenereta linanguruma, watoto wamepanda juu ya uzio. Baba Fikiri akanipa maiki, akanitambulisha kwa maneno matatu tu: "Huyu ndiye Mchopa." Watu wakazomea. Nilistahili.

Nikaikunjua karatasi, ikapiga kelele kwenye maiki. Nikaanza kwa kusema mimi ndiye niliyeandika, na niliandika nikiwa na betri zilizochoka nilizozianika juani. Halafu mama mmoja mbele akapiga kofi pajani, "Mwalimu mzima!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Wakanicheka, wakuu. Walinicheka mimi safari hii. Nikasubiri wamalize, nikasoma yote mpaka nukta ya mwisho. Nikasoma kwamba Somoe anaimba kama mtu unayemjua akikuita kwa jina lako. Nikasoma na jinsi ambavyo kwenye wimbo wa nne anakata pumzi mahali ambapo hukutegemea, ukabaki na wewe umeshika yako.

Nilipomaliza sikumwona Somoe popote. Bendi ikaanza kupiga. Wakazunguka utangulizi mara moja, mara mbili, mara tatu. Baba Fikiri macho yako njiani, vidole vinaendelea.

Mara watu wa nyuma wakaanza kupisha njia.

Alikuwa anakuja na kanga zake za shamba, hakubadili hata kilemba. Akapanda, akachukua maiki mkononi mwangu bila kuniangalia. Akafungua mdomo, akatoa sauti nzito ya kiume, ya kujivuta, ya mwenye usingizi!

Uwanja ulilipuka. Watu walianguka kwa kicheko. Akaimba mstari mzima hivyo hivyo, uso hautikisiki. Mstari wa pili akaiachia ile sauti yake halisi, ikapanda.

Wanaume waliokuwa wanamwita Bwana Somoe niliwaona kwa macho yangu wakicheza.

Mimi nilishuka jukwaani nikasimama pembeni nikalia kidogo, kisha na mimi nikacheza.

Lile gazeti walichapa marekebisho yangu, ila waliyakata yakabaki mistari minne. Haikunisumbua tena. Niliendelea kuwaandikia mpaka lilipokufa, na kila kaseti nilisikiliza kwa betri mpya, nikaenda kuazima na redio ya Mama Upendo kuhakikisha. Uchambuzi wangu ulipungua ukali, sikatai. Lakini zile kazi mbaya nilizosema ni mbaya, nilikuwa na hakika nazo, na wenyewe wakinifuata nilikuwa tayari kukaa nao tukasikiliza.

Nilichojifunza ni hicho tu, wadogo zangu mnaogawa maksi. Ponda, lakini usikilize mpaka mwisho kwanza. Na kabla hujasema mtu ana kasoro, kagua na chombo chako. Upande wa pili wa hayo maneno kuna mtu ana kaka, ana watoto, ana stendi ya kupita kesho yake.

Somoe yupo, ni mzima, yuko Newala na wajukuu. Aliimba miaka kumi na mbili baada ya pale, akaacha mwenyewe kwa hiari yake. Uzi huu nimemsomea wote kwa simu kabla sijauweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho.

Nikamuuliza, "Dada, nimekosea wapi?"

Akasema, "Hukusema kwamba siku ile baada ya muziki ulikuja kwangu, nikakupikia kisamvu cha korosho, ukala sahani mbili."

Nimeongeza, dada. Ni kweli, zilikuwa mbili.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu aliwahi kusema au kuandika jambo juu ya mtu, kisha ikambidi aende mwenyewe kulifuta? Tupeni visa, nipo nasoma.