Vidole vya Baba Watoto

Kwa mujibu wa kampuni ya kubeti, mraibu wa kamari ndani ya nyumba yetu nilikuwa mimi. Mimi, nisiyejua hata timu moja ina wachezaji wangapi!

Kosa lilianza siku ya kusajili laini ya simu ya mume wangu. Alikuwa amekata miwa miaka mingi, kisha akaja kushika jembe kwenye mpunga wetu kijijini Katindiuka, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimelika. Mashine ya alama za vidole ikavikataa vyote. Wakala akachoka, akasema, "Mama, weka chako basi, mambo yaishe." Nikaweka, laini ikasajiliwa kwa jina langu. Huku kwetu wengi tumefanya hivyo, wala hatukuona ubaya.

Laini ile ndiyo aliyobetia. Mikeka ya kubashiri mechi asubuhi, mikeka jioni, na jembe likashika kutu. Nilivumilia mpaka mvua zilipokaribia, nikaingia stoo na kukuta gunia moja la mbegu ya mpunga halipo. Ameuza. Lilibaki moja tu, na hilo nalo likienda, hatuna msimu. Niliwaka! Nilimsema kwa Kiswahili, kilipoisha nikaendelea kwa Kipogoro.

Hakubisha. "Mama watoto," alisema, "nimejaribu kujifungia nisicheze tena. Wanamtaka mwenye laini."

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti aliyepokea akanieleza kwamba kanuni zinawataka wamfungie mteja yeyote anayeomba, na akishafungiwa, hata akilia hafunguliwi mpaka mwaka uishe. "Mama, una uhakika unataka kuacha kucheza?"

"Funga, mwanangu. Na komeo weka."

Akafunga. Nilishangilia, halafu nikashtuka. Kufuli lilikuwa kwenye kitambulisho changu. Cha mume wangu kilikuwa huru, na kesho angeweza kusajili laini nyingine akaanza upya. Nikamwambia waziwazi kwamba zizi la upande mmoja halizuii ng'ombe.

Aliliangalia lile gunia lililobaki, akasema, "Twende mjini. Nisajili laini kwa jina langu, nalo lifungiwe."

Tukaenda kwa wakala yuleyule. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mashine. Mume wangu akaweka kidole, ikasoma papo hapo.

"Safi kabisa, mzee," wakala akasema.

Tulitazamana. Yeye aliona aibu, mimi niliona uchungu. Alama zilikuwa zimerudi; vidole vilikuwa vimelainika kwa kubonyeza simu badala ya kushika jembe.

Tukampigia binti yule tukiwa bado dukani. Safari hii mume wangu alizungumza mwenyewe, akataja namba yake ya kitambulisho, akafungiwa.

Asubuhi iliyofuata nilimtwika gunia la mbegu, nikabeba majembe yote mawili. Tukishavuna nitamrudisha kwa wakala yule aweke tena kidole, na mashine itamkataa.