Waulizeni Viziwi Wenyewe

Mchana ule wa Idi naukumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kigoli, nyumbani kwetu Chaani. Sinia la pilau limewekwa mkekani, na mgeni mmoja wa baba akanigeukia. "Mwambie nduguyo asogee ale," akasema. Ndugu yangu Athumani alikuwa kiziwi, naye alikuwa ameketi mbele ya mgeni huyo huyo, goti kwa goti. Nyanya yetu akaliweka chini birika la kunawia.

"Mwambie mwenyewe. Mato anayo, nawe mikono unayo."

Mgeni alitahayari mpaka akasahau kunawa. Baba alikasirika, maana mgeni hakemewi mbele ya chakula. Nami niliona nyanya amekosa adabu. Leo nina mvi, na naona alikuwa mpole kupita kiasi.

Mdogo wetu Mwanaidi ndiye aliyeyashika maneno yale akayafanyia kazi. Alisomea lugha ya ishara, akawa mkalimani wa darasani huku Changamwe. Mwalimu akisema, yeye husimama kando na kuyageuza maneno kwa mikono, ili mtoto kiziwi asome sawa na wenzake. Alipofariki, watu wema wakaanzisha ufadhili wa masomo kwa jina lake. Kila mwaka asomeshwe mkalimani mmoja, na huku akisoma asimame darasani na watoto wetu. Hisani haiozi, nikasema, nikawapa baraka zangu pamoja na picha yake kubwa.

Basi juzi wakaniita nishuhudie uchaguzi wa atakayesomeshwa. Uniwie radhi nikipaza sauti, hasira yangu haijapoa.

Kamati ilijipanga mezani, na miongoni mwao hapakuwa na hata kiziwi mmoja. Rehema, binti kiziwi wa kidato cha tatu, aliketishwa nyuma kabisa pamoja na viziwi wenzake, kama mapambo ya shughuli. Na atakayechaguliwa ndiye angesimama mbele yao mpaka wafikie mtihani! Kwa hao, masomo yote yalikuwa mikononi mwa mtu huyo.

Waombaji walibaki wawili, kila mmoja akatakiwa afasiri kwa ishara somo la damu inavyozunguka mwilini. Binti wa kwanza alitabasamu mwanzo mpaka mwisho, mikono ikienda kwa madaha. Akapigiwa makofi. Wa pili, kijana wa Junda aitwaye Kahindi, alikunja uso, akainua nyusi, akavimbisha mashavu. Kamati ikacheka. "Huyu atawatisha watoto," akasema mwenyekiti, na wakamchagua binti.

Mwanangu, kwa viziwi uso ni sehemu ya maneno. Nyusi huuliza, mashavu hukuza jambo au kulipunguza. Kila nyumba yenye kiziwi inajua haya. Kamati haikujua, na kutojua si dhambi. Lakini waliojua walikuwa mle mle ndani, na hakuna aliyewauliza!

Rehema alikuwa ameinua mkono kitambo. Nikamwuliza kwa ishara amemwonaje yule binti. Akanijibu, "Mikono nimeiona. Somo sijaliona." Nikasimama nikayasema hayo kwa sauti. Mwenyekiti akanitazama mimi, si yeye.

"Bi Mkubwa, mwambie binti huyu tumeshaamua."

Wallahi, damu ilinichemka. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na hawa hata makaburini hawajakanyaga. Nikaenda mezani, nikaichukua picha ya mdogo wangu, nikaifunga kwa leso.

"Msomesheni mnayemtaka," nikasema, "ila mtafute jina jingine. La Mwanaidi natoka nalo."

"Bi Mkubwa, hasira hasara."

"Hasara ni ya mtoto huyu, atakayeanguka mtihani nanyi mwapiga makofi!"

Nikatoka, na viziwi wote wakanifuata. Tulikuwa barazani, malori ya mafuta yakinguruma barabarani, mwenyekiti alipotujia mbio. Akafungua kinywa akinielekea mimi, nikampa mgongo. Kisha akamgeukia Rehema, na Kahindi, aliyekuwa ametoka nasi, akafasiri.

"Wewe ungemchagua nani?"

Rehema hakutaja mtu. "Tuulizeni sote," akasema kwa mikono, "tena tukae mezani."

Viti vikahamishwa, viziwi wakaketi mezani, wawili wale wakapimwa upya. Kahindi akachaguliwa. Binti yule alilia, masikini, na viziwi wenyewe wakamwambia aje Jumamosi wamfundishe. Picha nikairudisha mahali pake, lakini nilikaa kando yake mpaka mwisho. Mtu mmoja akaniambia nimshukuru mwenyekiti. Nikakataa. Mtu hashukuriwi kwa kumtazama mwenziwe usoni.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza, tena umwulize yeye, si jirani yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukikabidhiwa jina la marehemu, hiyo ni amana; usilivalishe kazi ambayo mwenyewe angeikana. Na ukiketi mahali panapokatwa shauri la watu, angalia kama wenyewe wapo. Kama hawapo, simama useme, hata wakikuita mkorofi. Mimi wameniita, na sijapungua kitu.

Mola akupe umri na afya, akulinde na shari ya watu, na wema wao usiouliza pia. Amina.