Y Peke Yake

Chaki iliyolowa maji ina harufu yake, ya udongo na kitambaa kisichokauka vizuri. Mimi hapa ni mtu mzima, mama wa watoto, lakini nikiinusa bado natafuta mlango wa kutokea. Msinicheke. Inanirudisha mtaani kwetu Katuba, mwisho wa kiangazi, wakati vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno, asubuhi ya repêchage ya hesabu.

Repêchage ni ule mtihani wa pili wanaopewa walioanguka, kabla masomo hayajaanza tena. Ukianguka na huo, unarudia darasa. Kwetu hata kurudia hakukuwepo. Papa na baba yake Mado, mwenzangu wa darasa na jirani yetu wa parcelle moja, yaani uwanja mmoja, walikuwa wamekata shauri: "Classe moya haisomwe mara mbili. Mwenye kuanguka ataenda kushona." Mimi hata kifungo sikujua kukishikiza, na shule niliipenda mpaka kuiota.

Mado aliangushwa na homa siku ya mtihani wa kwanza. Mimi niliangushwa na ujinga wangu mwenyewe. Kwa hiyo ni yeye aliyenifundisha, kwa kipande cha makaa, juu ya saruji ya uwanja, mama zetu wakitufokea kwa kuichafua.

"Forme générale, bote banakaa ngambo moya: x, y, na namba. Ngambo ingine, zéro tu," alisema, akiandika mlinganyo wa mstari. "Forme réduite, y anabakia peke yake. Mwenye kuvuka égal, ile alama ya sawasawa, anageuza signe: plus inakuwa minus. Kiisha unagawanya bote, usisahau hata mumoya. Lakini mustari iko ile ile, unasikia?"

Nilisikia. Tatizo lilikuwa Prof Équerre. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya pembetatu kubwa ya mbao aliyotembea nayo kwapani. Hakuwa mtu wa kupiga. Afadhali angepiga! Yeye alikuwa anauliza. Ukimaliza kuandika ubaoni, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza polepole kama una uhakika: "Uko sûre?" Halafu ananyamaza.

Asubuhi ya repêchage tuliketi juu ya matofali chini ya dirisha, tukiingia mmoja mmoja. Kutoka ndani tulisikia chaki ikigonga ubao. Kimya. Lile swali. Kimya tena. Kisha kitambaa, shwaa, shwaa, mtu anafuta kazi yake. Kila aliyeingia, ni hivyo hivyo. Walitoka bila kututazama.

Mado akaingia. Chaki yake ilikimbia bila kusimama, nami nikapata nafuu kidogo. Likaja swali. Kisha shwaa. Eh Mungu wangu! Kama Mado amekosa, mimi ni nani? Nilijiona nimekwisha.

Nilipoitwa sijui niliingiaje. Ubaoni paliandikwa 2x + 3y − 12 = 0. Nilivusha, nikageuza, nikagawanya, na mwisho nikaandika y = −2/3 x + 4.

"Uko sûre?"

Kitambaa kilining'inia kwenye msumari, karibu kabisa. Nilitaka kufuta, nawaambia ukweli, nilitaka kwa moyo wangu wote. Lakini mkono ulikataa. Ulimi ulikataa. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitajikojolea mbele yake. Nikabaki nimesimama, macho kwake, kama mlingoti.

"Bien," alisema mwishowe. "Enda."

Siku ya matokeo alimwambia Papa: "Mutoto yenu iko na moyo nguvu. Haogope muntu." Papa alilirudia neno hilo kwa kila mgeni. Mimi nikapanda darasa. Mado akapelekwa kwa shangazi yake, kwenye cherehani.

Tulikuwa tayari wanawake wazima siku moja aliponipima gauni, nami nikamuuliza alipewa swali gani. Alitoa pini mdomoni, akalitaja lile lile langu. Halafu, bila kufikiri, akataja na jibu: minus mbili juu ya tatu x, plus ine.

"Sasa ulifutaka juu ya nini?"

"Prof aliniulizaka kama niko sûre. Nikasema, labda anaona kosa yenye miye sione. Weye haukufuta?"

"Mukono ilikatala. Nilikuwa naogopa sana."

Alicheka, kisha akaacha. "Miye sikuogopaka," alisema. "Nilimuheshimu tu."

Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kunipima kiuno.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio: wahenga walisema, nami kicheko nilikipata kwa miaka mingi bila kujua kilio kilienda kwa nani. Leo nafundisha hesabu ile ile. Mwanafunzi akiandika jibu sahihi, namwambia papo hapo, kwa sauti, darasa zima lisikie, kwamba ni sahihi. Walimu wenzangu wanasema ninawadekeza watoto. Waseme.