Nyigu wa Mfuko Katika Ngitili Yetu

Krr, krr, krr. Nilidhani panya anatafuna mlango. Nikatoka na fagio, jua limeshapanda, nikakuta nyigu mmoja kang'ang'ania nguzo ya zizi, anakwangua mti mkavu kwa meno. Asiyewajua nyigu atabisha kwamba mdudu yule anasikika, lakini anasikika. Anakwangua, anachanganya na mate, anakwenda kujenga nyumba ya karatasi. Nikasimama na fagio langu nikarudi mtoto wa miaka minane, mdomo umevimba kama andazi.

Niwaambie jambo ambalo sikuliungama hata kwa padri, na padri wetu wa wakati ule alikuwa na maswali mengi huyo!

Kwetu ni ndani kidogo ukitoka Runzewe. Baba alikuwa na ngitili, yaani lile eneo la nyasi na miti tunalolifunga masika, ng'ombe wasilikanyage mpaka kiangazi kiwabane. Yetu ilianzia nyuma ya shamba la pamba ikashuka mpaka kijitoni. Shule niliishia la tatu, ila nyigu niliwasoma. Walikuwa aina tatu. Wa upenuni, wanaoruka miguu ikining'inia kama mtu anayeogopa kulowa mtoni. Wa jani, wadogo, waliojenga chini ya jani, ukibeba kuni unawabeba na wao. Na wa mfuko, wakazi wa katikati kabisa penye kivuli kizito, waliotundika tawini kitu kama mfuko wa karatasi, humo ndani wamejaa mamia.

Wiki ya komunyo yangu ya kwanza niliupiga ule mfuko mawe. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuona kilichomo. Basi nilikiona. Jumapili, kwenye mstari wa magauni meupe, mimi peke yangu nilipokea komunyo kwa pembe ya mdomo.

"Uliwachokoza?" Baba aliniuliza.

"Nilikuwa naokota kuni tu, Baba."

Baba akasema msitu unaouma watoto haufai, na mwezi haukuisha, mashoka yakaja. Wachimbaji wa dhahabu walitaka matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisiwaangukie, na miti ya katikati ikaenda yote. Vikabaki vipande viwili, kimoja kijitoni, kingine penye kaburi la babu. Katikati pakalimwa pamba. Mimi nilishangilia. Nilicheza kabisa, sifichi.

Wa mfuko walipotea mwaka uleule. Wa jani wakajibana kijitoni, kisha nao wakawa kimya. Wa upenuni hawakujali, maana msitu wao ni sisi. Ndipo funza wakavamia pamba. Kila kitumba tulichofungua kina tundu. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa akiwaokota kwa mkono tangu umande haujakauka, anawatia kwenye kopo, na akirudi nyumbani mgongo haunyooki. Baba alilaumu mbegu, akalaumu jirani, akalaumu jicho baya. Mimi sikuunganisha mambo. Niliunganisha nikiwa na wajukuu tayari, siku moja napalilia, nikamwona nyigu anamtafuna funza mpaka akawa kidonge cha kijani, akaruka nacho kuwapelekea watoto wake. Nikakaa chini kwenye tuta. Wale mamia wa mfukoni, kila mmoja na kidonge chake, halafu mimi na mawe yangu!

Tangu hapo sikulima tena pale katikati. Wala sikupanda miti sana. Nilizuia ng'ombe wasiingie tu, na visiki vikachipua vyenyewe. Miaka ikaenda mpaka vipande viwili vikashikana matawi. Wa jani walitangulia kurudi.

Sasa turudi kwenye fagio. Nilimfuata yule nyigu kwa macho, kisha kwa miguu, mpaka katikati ya ngitili. Nikauona mfuko, bado mdogo, kama kibuyu cha maziwa. Nilirudi mbio, bibi mzima.

Mayu bado yupo. Macho yamekwisha, masikio hayana neno. Alikuwa nje anamenya karanga.

"Mayu, wa mfuko wamerudi," nikamwambia, na palepale nikamwaga yote, mawe, uongo, funza.

Hakuacha kumenya. "Nilikuona na mawe kwenye mifuko ya gauni."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako alishawapa neno wachimbaji kabla. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, ukampa mdomo wako." Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Miaka yote hii umebeba hiyo? Kabula, wewe mjinga kweli."

Nilicheka na mimi, na machozi kidogo. Mtoto hudhani dunia imeangushwa na jiwe lake. Kumbe miti ile waliikata watu wazima, kwa sababu za watu wazima. Kuirudisha ndiko kulikuwa kwangu.

Mayu akajipangusa maganda. "Nipeleke nikawasikie."

Nikamshika mkono. Tulipofika penye nyasi ndefu akasimama, akanipapasa mifuko ya gauni, mmoja, kisha wa pili.

"Haya," akasema, "twende."