Hilppa na Bibi Harusi Asiyetaka Kulia

Hilppa alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni na mdomo wa kumrudisha mbio. Siku za kazi aliendesha basi la shule hapa Ilomantsi, mashariki mwa Finland, akiwafokea watoto wa watu. Penye harusi alikuwa kiongozi wetu: wanawake wanne tunaoimba nyimbo za bibi zetu wa Karelia bila ala yoyote, na kazi yetu kubwa ni kumliza bibi harusi ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, kabla bwana harusi hajaja kumchukua. Asipolia kwao, atalia kwa mume. Hilppa aliliamini hilo kuliko alivyomwamini mchungaji. Binti yake mkubwa alikataa kuombolezewa, na kabla mwaka haujaisha alirudi nyumbani na masanduku yake na paka.

Sasa ilikuwa zamu ya Outi, kitinda mimba.

Tukamkalisha benchi la juu, tukamchapachapa kwa matawi ya mti wa mbetula kama ilivyo desturi ya sauna, tukaanza kuomboleza. Outi akaangua kicheko.

"Mama, unalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni!"

"Lia, mwanaharamu wewe! Mwenzio yuko nje anatumalizia kahawa!"

"Nilie nini? Si nampenda?"

"Mpende, nani kakukataza? Lakini lia kwanza!"

Hilppa akapandisha sauti mpaka kwenye ubeti wa kitanda kinachobaki kitupu, ule unaowaliza hata wanaoolewa mara ya tatu. Hapo sauti ikamkatika. Sisi wengine tukatumbuliana macho kama mazuzu, maana miaka yote tulikuwa tunamfuata yeye tu.

Outi akaudaka ubeti. Akauimba mpaka mwisho, kwa mtetemo uleule wa bibi yake, bila kukosea hata pumzi.

Machozi yakamtiririka Hilppa, yeye aliyewaliza mabibi harusi wa wilaya nzima huku macho yake makavu. "Nani kakufundisha?"

"Nani tena? Kila jioni unaimba jikoni, na chumba changu kiko nyuma ya jiko. Nimelala na kelele zako tangu nizaliwe." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Kule Helsinki kwa mume wangu nitalalaje, mama?"

Akalia kweli, kamasi na vyote. Hilppa akamkumbatia, jasho limewalowesha wote wawili.

Bwana harusi akagonga mlango. "Tayari?"

"Bado!" Hilppa akapaza sauti, amemng'ang'ania mwanawe. "Hajalia bado!"