Kamba ya Mwalimu Darius

Mtu akikuambia kwamba Darius Havugimana hakuwa na majivuno, mwulize kama aliwahi kuketi darasani kwake. Miaka kumi na mmoja amefundisha biolojia hapa Goma, na kila mwaka alijigamba kwamba mtoto wa mfugaji wa Masisi hahitaji picha ya kitabuni: kamba ya ng'ombe inatosha. Nyuzi mbili zilizosokotwa, ndiyo DNA. Darius mwenyewe ndiye helikasi, kimeng'enya kinachopita kikizitenganisha ili kila uzi unakiliwe. Tumbo lilikuwa kubwa kwa kazi hiyo, alikiri, lakini kimeng'enya hakichaguliwi kwa umbo.

Kwa kawaida mwanafunzi aliishika ncha ya pili kwa vidole, kamba ikajizungusha yenyewe. Siku mkaguzi alipokuja kuamua kama Darius abaki na darasa la mwisho au ashushwe kwa wadogo, alitaka mambo yawe nadhifu. Akaifunga ncha ile kwenye nondo ya dirisha, kwa fundo la kumzuia fahali.

Akaanza kutenganisha. Hatua mbili tu, kamba ya mbele ikakaza, ikajikunja, ikajaa mafundo. Akavuta, ikazidi. Helikasi mzima, na suti yake ya harusi, jasho linamtiririka.

"Juu ya nini inajifunga?" mkaguzi aliuliza, akitaka sababu.

Kifaransa cha kuficha kutojua kwake Darius alikuwa nacho. Ila hakukitumia. "Sijui, papa inspecteur."

Mahoro, msichana aliyekuwa akirudia mwaka, aliinua mkono. "Prof, ule muzunguko unautoa huku unakimbilia kule mbele, na umefunga ncha, hauna pa kutokea. Ndiyo maana kuko enzyme ingine ya kukata na kulegeza." Akasita. "Ni kile kiulizo nilikuulizaka mwaka jana."

Darius alikumbuka. Alimwambia asivuruge darasa, na kwenye mtihani akampa sifuri kwa jibu lake, sifuri iliyomfanya arudie mwaka. Jina la kimeng'enya hicho cha pili yeye alilisomesha miaka yote kama sala, bila kujiuliza kina kazi gani. Alimpa Mahoro chaki, akaenda kukaa kwenye benchi la msichana huyo.

"Darasa utabakia nalo," mkaguzi alimwambia somo lilipokaribia kwisha. "Mwalimu mwenye kusema sijui, ni mara ya kwanza namuona."

Darius alishukuru, kisha akauliza kama kuna njia ya kumrudishia mtoto huyu mwaka wake.

"Mwaka haurudiake, Prof," Mahoro alisema, akaendelea kuandika ubaoni.