Safari ya Kudai Sufuria ya Jimbo

Nilienda Riyadh kwa sababu sikuhudhuria mkutano. Kwetu Wakenya wa Jeddah huo ndio utaratibu: asiyekuja hupewa kazi. Bosi wangu alikuwa amesafiri na familia yake kwa wiki moja, na mimi, dereva wao, nilikuwa nimepanga kuimaliza wiki hiyo chini ya kiyoyozi, katika chumba changu cha uani hapo mtaa wa Al-Safa, bila hata kuvaa viatu. Watu hushangaa dereva kuchukia safari. Mimi huendesha gari kutoka nyumbani hadi shule, shule hadi supamaketi, supamaketi hadi nyumbani. Hiyo ni kazi.

Jambo lenyewe lilikuwa sufuria. Ni ile kubwa ya alumini, ya pilau ya watu sitini, tuliyonunua sisi wa Jeddah. Wenzetu wa Riyadh waliiazima kwa sherehe yao, kisha wakatuma ujumbe kwamba sasa ni mali ya makao makuu ya chama. Na Mama Rehema alikuwa anarudi Kenya Jumamosi, moja kwa moja. Miaka kumi na mmoja amefanya kazi ya ndani Al-Safa, na kila Ijumaa ambayo madam wake alimpa ruhusa, alikuja kutupikia kwa sufuria hiyo. Ijumaa hii ilikuwa ya mwisho. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: atupikie mara moja, kisha atuage.

"Karani, katiba uliandika wewe," Wafula, gavana wetu, aliniambia kwa simu. "Nenda ukawasomee."

Gavana, ndiyo. Hapa itabidi nieleze. Katika kidato cha nne nilipata B ya Historia na Serikali, na siku moja nikakosea nikaitaja mbele ya watu. Chama chetu cha kusaidiana kilipotaka katiba, wakanikabidhi kalamu. Nikakipanga kama zile nchi za shirikisho tulizosoma darasani. Kila mji ni jimbo, lina gavana wake wa kutekeleza, bunge lake la kupitisha mambo, na wazee watatu wa kuamua ugomvi. Juu ya majimbo kuna makao makuu, yaliyoko Riyadh, na mwenyekiti wake. Kisha nikaandika orodha mbili. Mambo ya makao makuu: misiba na ubalozi. Mambo ya jimbo: wagonjwa, wageni na mpira. Jeddah tuko thelathini na sita, na ishirini na mbili wetu wana vyeo.

Jumanne, saa moja asubuhi, nilipanda basi na mfuko mmoja wa nguo na katiba ndani ya karatasi ya plastiki. Hadi Taif nilikuwa bado nawakasirikia watu wa Riyadh. Barabara ilipanda milima, hewa ikapoa, nikaanza kujiona mjumbe wa maana.

Baada ya Taif ni jangwa tu, na mtu aliye jangwani bila mtandao husoma hata katiba yake mwenyewe. Nikasoma orodha ya kwanza. Nikasoma ya pili. Sufuria hakuna. Ndipo nikakumbuka sauti ya mwalimu wangu: jambo ambalo halimo katika orodha yoyote lazima lipewe mwenyewe, ama majimbo, ama serikali ya kati, la sivyo watavutana. Sentensi hiyo sikuiandika. Na nilikumbuka vizuri kwa nini. Nilikuwa nimefika hapo hasa Mama Rehema alipofunua pilau.

Saa nane mchana tulisimama kituo cha mafuta. Nilinunua chai, lakini kabla sijaimaliza dereva alisema "yalla", nikaiacha mezani. Askari wa kizuizi alipanda, akatazama ikama zetu, vile vibali vya ukaazi, akashuka. Mimi nilitazama dirishani nikitafuta uongo mzuri, sikuupata.

Jioni, Riyadh, nilipokewa na Mutiso. Huyu ndiye mwenyekiti wa makao makuu, na pia ndiye gavana wa jimbo la Riyadh, maana hakuna mwingine aliyekitaka cheo hicho cha pili. Mwenyeji mzuri kupita kiasi. Aliniandalia kuku, akanipa kitanda chake, yeye akalala chini.

"Kula, Karani," aliniambia. "Kesho tukikushinda usiseme ulikuwa na njaa."

Jumatano, saa tatu asubuhi, tulikutana katika istiraha, ile nyumba yenye ua ambayo watu hukodi kwa siku. Wengi wa wenzetu wa Riyadh ni madereva kama mimi, kwa hiyo mikutano yao hufanywa watoto wa mabosi wakishafika shuleni, na huisha kabla hawajatoka. Sufuria ilikuwa pale uani, imejaa soda na barafu. Iliniuma.

"Nionyeshe palipoandikwa sufuria," Mutiso akaanza.

"Hapajaandikwa."

"Basi kisichoandikwa ni cha makao makuu."

"Nani amesema?"

"Makao makuu."

Wakacheka, na mimi nikaona heri niseme ukweli. Nikawaambia kuna sentensi niliyoiruka, na kilichonifanya niiruke. Kijana wa nyuma akasema, "Kwa hiyo nchi yetu iliuzwa kwa pilau." Nikamwambia ilikuwa na nyama nyingi.

Kisha nikamuuliza Mutiso, "Mheshimiwa, aliyekuja Jeddah kuazima sufuria alikuwa gavana au mwenyekiti?"

"Alikuwa mimi."

"Najua. Kwa cheo gani?"

Akafikiri. "Gavana. Sherehe ilikuwa ya jimbo."

"Basi gavana aliazima, mwenyekiti akamnyang'anya. Na gavana hajalalamika?"

"Atalalamikaje," akasema Sista Nekesa, muuguzi mmoja aliyekaa karibu na mlango, "na wanalala kitanda kimoja?"

Hata Mutiso alicheka, ingawa kwa kuchelewa. Nekesa hakumwachia. Akataka mambo mawili yapigiwe kura: kwamba lisilotajwa ni la jimbo, na kwamba mtu mmoja asishike serikali mbili. Yote yakapita. Mutiso akaambiwa achague, akachagua uenyekiti bila kusita, kwa kuwa ndio wenye kuzungumza na balozi. Ugavana ukabaki wazi kama dakika mbili. Mtu akasema watoto wanatoka shule saa sita, jamani, na kabla ya saa tano na nusu Nekesa akawa gavana.

"Kazi yangu ya kwanza," alisema, "sufuria irudi kwa wenyewe. Mimi nilitua Jeddah bila hata shuka. Mama Rehema alinipa yake, akalalia kanga. Mwageni hiyo barafu."

Alhamisi, kwenye basi, mpakia mizigo aliitazama sufuria akasema "mafi", yaani hakuna, haiwezekani. Nikatia mfuko wangu ndani, nikafunika, nikamwambia hili ni sanduku langu. Akakuna kichwa, akalipakia. Nilirudi Jeddah na uchovu wa mtu aliyevuka jangwa kwa miguu, ingawa nilikuwa nimekaa muda wote.

Ijumaa asubuhi niliifikisha Al-Hindawiyah, kwenye nyumba wanakokaa wenzetu wengi. Mama Rehema aliinusa.

"Wameiosha kwa sabuni ya nguo," alisema. "Haya, lete vitunguu. Usisimame hapo kama mgeni rasmi."

"Mama, ungeweza kupika kwa sufuria ndogo tatu. Nisingesafiri."

"Kwa ndogo mngekula kwa zamu mkaondoka. Kwa hii mnangoja pamoja. Menya."

Nikamenya. Tulikula hadi alasiri, na alipotuaga hakuna aliyetoa hotuba, pamoja na vyeo vyote vile. Jumamosi akaondoka.

Nilichojifunza ni kwamba jimbo hulindwa na ile sentensi ambayo mwandishi anaona haina haraka. Nimeiongeza kwa wino mweusi, na gavana wetu ametia sahihi. Nilipokuwa nikiiongeza nilisoma tena orodha ya vyeo: gavana, spika, wazee, hata mtunza mpira. Mpishi sikumwandika popote. Sufuria ni yetu kikatiba kabisa, na Ijumaa iliyofuata tulikula mkate.